Gegedu la goti limechanika na tarehe ya upasuaji nimeshapewa: niende au nisubiri?

Daktari, salamu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 53, mwalimu, kazi yangu ni ya kusimama kutwa nzima. Goti langu la kulia lilianza kunisumbua kama miezi minne iliyopita. Sikuanguka, sikugongwa, wala sikuwa nacheza mchezo wowote. Niligeuka tu kuchukua daftari rafuni, mguu ukabaki palepale na mwili ukaenda, nikasikia moto upande wa ndani wa goti. Kesho yake lilikuwa limevimba kidogo. Nikasema ni la kupita. Halikupita.

Sasa hivi kupanda ngazi si neno, kushuka ndiko kunakonitoa jasho. Kuchuchumaa sithubutu. Usiku nikilala ubavu magoti yakigusana naamka kwa maumivu, kwa hiyo nalala na mto katikati ya miguu. Goti linaalika, na kuna wakati nikiinuka kitini linanasa kidogo, nalitikisa, linaachia. Halafu kuna siku, na hili ndilo linalonichanganya, linakaa kimya hadi nasahau kwamba ni bovu.

Nilikwenda hospitali nikapigwa eksirei. Nikaambiwa mifupa iko vizuri, kuna mabadiliko madogo ya umri tu. Nikapelekwa kwenye MRI, kile kipimo cha picha za ndani ya kiungo. Ripoti inasema meniskasi ya ndani, yaani gegedu la upande wa ndani wa goti, imechanika sehemu ya nyuma, mchaniko wa kulala, wa uchakavu. Daktari wa upasuaji akaitazama picha akaniambia: hii imechanika, haitajiunga yenyewe, tutapitisha kamera kwenye matundu mawili madogo, tutaondoa kipande kilichochanika, na siku hiyohiyo unarudi nyumbani. Tarehe nimepewa, imebaki wiki tatu.

Shemeji yangu alifanyiwa upasuaji wa namna hiyo mwaka jana na leo anatembea kama kijana. Kila tukikutana ananiuliza, "Unangoja nini? Kilichochanika hushonwa au hukatwa." Binti yangu naye amesoma kwamba upasuaji huo hausaidii kitu, dawa ni mazoezi. Mazoezi nilijaribu. Nilipewa karatasi yenye picha pale kwenye fiziotherapia, nikafanya kama wiki moja, goti likauma zaidi. Nikaogopa kwamba ninazidi kulichana, nikaacha.

Ninachotaka kujua ni hiki. Kitu kikishachanika, mazoezi yatakiunga vipi? Nikichelewa, mchaniko si utaendelea kukua hadi goti liharibike kabisa? Na nikiiacha hiyo tarehe, nitamwambia nini yule daktari bila kumvunjia heshima?

Nisaidie, maana nyumbani kila mtu ana jibu isipokuwa mwenye goti.

Mwalimu wa Goti Moja

*

Mwalimu, pole kwa maumivu, na pole kwa washauri.

Nianze na msimamo wangu ili usisome barua yote ukiwa umeshika roho. Kwa goti kama ulivyolieleza, mimi ningeiahirisha hiyo tarehe na kulipa goti miezi mitatu ya mazoezi ya kweli, yenye msimamizi, kabla ya kukubali mtu yeyote aingize chombo ndani yake. Nasema "kama ulivyolieleza" kwa sababu sijalishika. Kuna mambo machache ambayo yakiwepo yatanifanya nigeuze kauli, na nitayataja yote.

Tuanze na hiyo picha, kwa kuwa ndiyo iliyowatisha nyote. Ndani ya kila goti kuna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la hilali, kimoja upande wa ndani na kingine upande wa nje. Hivyo ndivyo meniskasi. Kazi yake ni kusambaza uzito kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi ili usielemee sehemu moja. Kijana akicheza mpira akakanyaga vibaya, meniskasi yake iliyo nzima inaweza kupasuka kwa kishindo. Yako haikupasuka hivyo. Ukosi wa shati lililofuliwa miaka mingi hulika pole pole, na siku moja unauona una mwanya ingawa hakuna aliyeuvuta. Mchaniko wa uchakavu ni wa aina hiyo. Kule kugeuka rafuni kulikuwa tone la mwisho tu. Kisu hakikuwepo.

Sasa, ni watu wangapi wana mwanya kama huo? Mwaka 2008 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapiga MRI ya goti watu 991 wa Framingham, mji mdogo ulioko Massachusetts, Marekani. Watu hao walikuwa na umri wa miaka 50 hadi 90, na hawakuchaguliwa kwa sababu ya kuumwa magoti. Walichaguliwa tu kama wakazi. Theluthi moja na ushei walikutwa na meniskasi iliyochanika au kuharibika. Na kati ya waliokuwa na mchaniko, asilimia 61 hawakuwa wamesikia maumivu, uchungu wala ukakamavu wa goti kwa mwezi mzima uliopita. Wanatembea nao na hawaujui.

Hilo halimaanishi kwamba maumivu yako ni ya kufikirika. Goti lako linauma na mimi nakuamini. Lakini goti la miaka 53 lina mambo mengi yanayoweza kuuma kwa pamoja: utando unaolizunguka ukivimba, mfupa ulio chini ya gegedu, kano, misuli ya paja iliyolegea baada ya miezi ya kuchechemea. Kamera au MRI inaonyesha kilichochanika. Haionyeshi kinachouma. Ndiyo maana zipo siku goti lako linakaa kimya kabisa. Mchaniko wako wa Jumatatu ndio huohuo wa Jumanne. Kama ndio peke yake ungekuwa unauma, usingepumzika.

Nakuja kwa binti yako, kwa sababu alichosoma kina msingi, ingawa amekikaza kupita kiasi.

Nchini Finland madaktari walifanya jambo ambalo wengi huona gumu hata kuliwaza. Walichukua wagonjwa 146 wa miaka 35 hadi 65, wote wakiwa na mchaniko wa uchakavu kwenye meniskasi ya ndani na wasio na dalili za goti kusagika, yaani gegedu linalofunika mifupa kulika. Wote waliingizwa chumba cha upasuaji, wote wakatobolewa na kuingiziwa kamera. Baada ya hapo kura ikaamua. Nusu walikatwa kile kipande. Nusu hawakukatwa chochote, ila daktari aliomba vifaa vilevile, akalikunja na kulinyoosha goti, akawasha mashine ya kunyolea gegedu ikiwa haina wembe na kuisukuma juu ya pia ya goti ili mlio na mtikisiko visikike, na akawaweka mle ndani kwa muda uleule. Wagonjwa hawakujua nani kapata nini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu kubwa, na hakukuwa na tofauti ya maana kati yao. Waliendelea kufuatiliwa, na hata baada ya miaka 5 waliokatwa hawakuwa wamewazidi wenzao. Picha za eksirei zilidokeza kwamba, kama kuna upande uliosagika zaidi kidogo, ni wa waliokatwa.

Ulikuwa upasuaji wa kuigiza, nao ukaponya sawa na wa kweli. Mimi kila nikiusoma utafiti huu nasimama hapo kwanza, kwa sababu unajibu hoja ya shemeji yako kuliko kitu kingine chochote.

Mtazame shemeji bila ubishi. Mtu haendi kukatwa goti wiki ambayo linamuuma kidogo. Huenda likiwa limefika pabaya kabisa. Maumivu ya aina hii hupanda na kushuka, kwa hiyo baada ya kilele mara nyingi huja mteremko, ufanye nini usifanye nini. Juu ya hapo, baada ya upasuaji alipumzishwa, akapewa dawa, akaelekezwa mazoezi, akaambiwa kwa uhakika kwamba tatizo limeondolewa. Akapona, na sifa zote zikaenda kwa ule mkasi. Hasemi uongo. Amepona kweli. Ila hana goti la pili ambalo hakulikata ili alinganishe.

Tafiti nyingine zilishindanisha upasuaji na mazoezi moja kwa moja. Iliyo karibu zaidi na hali yako ni ya Norway, iliyotoka mwaka 2016: watu wazima 140, wastani wa umri karibu miaka 50, wengi wao eksirei safi kama yako. Nusu walikatwa, nusu walipewa wiki 12 za mazoezi yaliyosimamiwa. Baada ya miaka 2 hali zao zililingana, isipokuwa waliofanya mazoezi walipata misuli ya paja yenye nguvu zaidi katika miezi ya mwanzo. Waholanzi nao walifuata wagonjwa 321 wa miaka 45 hadi 70 na mwaka 2018 wakaeleza kwamba mazoezi hayakuwa duni kuliko upasuaji. Mwaka 2017 jopo la wataalamu na wagonjwa lililoitishwa na jarida la tiba la BMJ lilitoa pendekezo kali la kupinga upasuaji wa kamera kwa karibu watu wote wenye magoti ya uchakavu, wakiwemo wenye meniskasi zilizochanika na hata wenye magoti yanayonasa kama lako.

Nilisema binti yako amekaza kupita kiasi. Hapa ndipo. Si kila aliyepewa mazoezi aliridhika nayo. Katika utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2013, uliohusu watu 351 waliokuwa na mchaniko pamoja na dalili za kusagika, karibu 3 kati ya kila 10 wa kundi la mazoezi waliomba kuhamia upasuaji ndani ya miezi sita kwa sababu maumivu hayakupungua. Kwa Waholanzi hali ilikuwa karibu hivyohivyo. Kwa hiyo usiingie kwenye mazoezi ukidhani ni ahadi. Lakini liangalie vizuri jambo hili, kwa sababu ndilo lililonifanya nikuandikie kwa uhakika huu: wale waliochelewa hivyo na kukatwa baadaye, walipopimwa kufika mwaka mmoja, hawakuwa nyuma ya waliokatwa tangu mwanzo. Kusubiri hakukuwagharimu. Ukikata, kipande hakirudi. Ukisubiri, mlango wa kukata unabaki wazi.

Hilo linajibu sehemu kubwa ya hofu yako ya pili, kwamba mchaniko utakua hadi goti liharibike. Kingo za meniskasi iliyochakaa zinaweza kuendelea kulika, ndiyo, kama zilivyokuwa zikilika kabla hujaumwa. Lakini kuziondoa si kinga. Tangu mwaka 1948 daktari Mwingereza aitwaye Fairbank alieleza jinsi magoti yaliyoondolewa meniskasi yanavyobadilika kwenye eksirei, na kisa chake ni rahisi kukielewa: eneo la kubebea uzito likipungua, mzigo uleule unakalia sehemu ndogo zaidi. Siku hizi hukatwa kipande tu, si meniskasi nzima, na madhara ni madogo kuliko zamani. Bado kilichotolewa kimetolewa.

Na swali lako la kwanza, ambalo ni zuri kuliko ulivyodhani. Mazoezi hayataiunga meniskasi yako. Daktari alikwambia kweli: sehemu ya ndani ya meniskasi haina mishipa ya damu, na pasipo damu hakuna kupona kwa kuungana. Asichokwambia ni kwamba na yeye haiungi. Anapunguza kingo. Kwa mchaniko wa uchakavu, hakuna kati ya njia hizi mbili inayokurudishia goti la miaka ishirini. Tunachotafuta ni goti lisilouma linalokufikisha darasani na kukushusha ngazi, na kwa kazi hiyo misuli inaweza kubeba sehemu kubwa ya mzigo ambao leo unaangukia kiungo chenyewe.

Sasa hayo mazoezi. Wiki moja na karatasi yenye picha sio tiba, na wala sikulaumu. Aliyekupa karatasi alipaswa kukaa nawe akakueleza kwamba mwanzoni goti litanung'unika. Tafiti nilizozitaja zilizoshindanisha mazoezi na upasuaji zilitumia mtaalamu wa fiziotherapia aliyemwona mgonjwa, akamrekebisha, akaongeza uzito kidogo kidogo, kwa wiki kama 6 hadi 12. Karibu kila anayeniambia "mazoezi yalishindwa" nikimuuliza nakuta hayakufika wiki ya tatu.

Kanuni ya maumivu iwe hivi. Wakati wa zoezi, maumivu mpaka 5 kwenye kipimo cha 0 hadi 10 yanavumilika, mradi kesho yake goti limerudi lilipokuwa jana. Kama kesho limevimba au linauma kuliko kawaida yake, ulizidisha. Punguza marudio au kina cha kukunja, usiache. Maumivu hayo si sauti ya kitu kinachochanika. Ni goti lililokaa miezi minne likikwepa kazi, sasa linarudishwa kazini.

Mtaalamu atakupangia mwenyewe, lakini ujue cha kutarajia. Kuinuka na kukaa kitini bila kujisukuma kwa mikono, kiti kikiwa kirefu mwanzoni, kisha kifupi. Kupanda na kushuka kidaraja kimoja cha chini, polepole zaidi wakati wa kushuka, maana huko ndiko unakoumia na ndiko misuli ya paja inakofanya kazi ngumu. Kulala chali magoti yamekunjwa na kuinua nyonga, halafu kufanya hivyo kwa mguu mmoja. Kuinua mguu kwa upande ili nyonga ijue kuzuia goti lisiingie ndani. Kusimama kwa mguu mmoja, jambo ambalo watu hulidharau hadi walijaribu. Baiskeli ya mazoezi, ile isiyosogea, nayo ni rafiki mwema wa goti. Siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha kwa mazoezi ya nguvu, na siku zilizobaki tembea. Ongezeko ndilo siri: kama wiki ya sita unafanya kilekile ulichofanya wiki ya kwanza, hiyo ni desturi, si tiba. Na kabla hujaniuliza, mwendo wa kupanda ngazi hauna haja ya kuukwepa. Tumia tu reli, na siku mbaya tanguliza mguu mbovu unaposhuka.

Uzito sikuujua na sitakukisia. Ila ikiwa umezidi, tambua kwamba kila kilo unayopunguza hulipunguzia goti mzigo wa kama kilo 4 katika kila hatua. Ni hesabu inayotia moyo, hasa kwa mtu anayesimama kutwa.

Kuhusu dawa nitapita haraka. Jeli ya kupaka ya kutuliza uvimbe ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa kidogo sana huingia mwilini. Vidonge vya kundi hilohilo husaidia kwa siku chache, lakini tumbo, figo na shinikizo la damu vina la kusema, kwa hiyo muulize daktari kwanza. Sindano ya steroidi ndani ya goti hutuliza kwa wiki kadhaa na inaweza kukufungulia nafasi ya kuanza mazoezi. Kuirudia kila miezi mitatu ni habari nyingine, kwani utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba waliodungwa hivyo kwa miaka 2 walipoteza gegedu zaidi na hawakupata nafuu ya maumivu kuliko waliodungwa maji ya chumvi.

Nilikuahidi mambo yatakayonigeuza kauli. La kwanza ni goti lililokwama kweli. Wewe lako linanasa, unalitikisa, linaachia. Huko ni kunasa. Kukwama ni goti kugoma kunyooka kabisa kwa saa au siku nzima, kama kuna kabari ndani. Likifika hapo, huenda kipande kikubwa cha meniskasi kimejikunja katikati ya kiungo, na hapo usisubiri miezi mitatu, rudi kwa daktari upesi. La pili ni mzizi wa meniskasi, yaani mahali inaposhikamana na mfupa kwa nyuma. Mzizi ukikatika, mara nyingi mtu husikia mlio wa ghafla kwenye mvungu wa goti akiwa anachuchumaa au anapanda ngazi, kisha maumivu makali, na meniskasi nzima huacha kubeba uzito hata kama haijachanika pengine popote. Jeraha hilo lina mjadala wake, na kwa baadhi ya watu kushona mapema kunafaa. Ripoti yako inasema mchaniko wa kulala, ambao ni kitu kingine. Hata hivyo nataka umuulize daktari neno kwa neno: "Je, mzizi wa nyuma uko salama?" La tatu si la meniskasi kabisa: goti likiwa jekundu, la moto, limevimba sana, na wewe una homa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na maumivu ya usiku yanayokukesha hata usipolilalia goti, yakiambatana na kupungua mwili bila sababu, hayatakiwi kuitwa uchakavu bila kuchunguzwa.

Upasuaji wenyewe, niseme kwa haki, si wa kutisha. Matatizo makubwa ni nadra. Lakini nadra si sifuri: damu inaweza kuganda kwenye shavu la mguu na mara chache sana donge likasafiri hadi kwenye mapafu, na maambukizi yanaweza kuingia kiungoni. Mtu huyakubali hayo akiwa na cha kupata. Kwa goti lako, cha kupata zaidi ya mazoezi hakijaonekana.

Sasa daktari wako. Humvunjii heshima kwa kumuuliza, na mpasuaji mzuri huulizwa maswali haya kila wiki. Pia usimfanye mtu mbaya: amesomea kurekebisha kinachoonekana, na kwa kijana aliyeumia uwanjani ushauri wake ungekuwa sahihi kabisa. Piga simu kliniki kwake wiki hii, si siku ya mwisho, uombe kumwona kabla ya tarehe. Mwambie hivi: "Daktari, nakushukuru kwa kunipangia. Goti langu halijakwama, na sijafanya mazoezi ya kusimamiwa hata kwa mwezi mmoja. Ningependa nifanye miezi mitatu kwanza, kisha nirudi kwako unipime upya. Kuna kitu kwenye picha yangu kinachofanya kusubiri kuwe hatari?" Halafu nyamaza umsikilize. Akikuonyesha mzizi uliokatika au kipande kilichojikunja, mpe sikio, na unaweza kutafuta maoni ya daktari mwingine wa mifupa. Akikujibu tu kwamba kilichochanika lazima kikatwe, umeshapata jibu la kwa nini unaahirisha.

Jambo la mwisho ni la kufanya leo, kabla hujaanza. Andika vitu vitatu unavyoshindwa au unavyovifanya kwa shida: labda kushuka ngazi za ghorofa moja bila kushika reli, kusimama vipindi viwili mfululizo, kulala usiku bila mto kati ya miguu. Pembeni ya kila kimoja weka namba ya ugumu, 0 hadi 10, na tarehe. Usivipime kila siku, utajichosha. Vipime wiki ya 6 na wiki ya 12. Namba zikiwa zinashuka, hata polepole, endelea na mwambie shemeji akusubiri. Zikiwa zimesimama palepale baada ya wiki 12 ulizozifanya kweli, chukua karatasi hiyo na MRI yako, rudi kwa mpasuaji, na mzungumzie upasuaji ukiwa na kitu cha kumwonyesha zaidi ya picha.